Mapigo ya Cherehani

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi magari, na anaamini hata Mungu alianzia kazi gerejini. Ukikohoa, bomba limeziba. Mkewe alipokuwa na mimba, fundi alimwomba mkunga "aisikilize injini". Mdogo wangu akaona ni mzaha wa mapenzi. Mapenzi ni upofu, na yeye ana miwani juu ya upofu huo.

Mama mzazi wa fundi anaugua moyo, kwa hiyo alimnunulia kidude cha kubana kidole kinachohesabu mapigo. Bibi akajipima nacho mara moja, akakitupa kwenye droo. Fundi ndiye aliyekioa. Alijipima kabla ya chai na baada ya chai, akatamba gereji nzima kwamba yeye ni sitini na nane, injini ya kiwandani. Kisha akambana kidole binti yake wa miaka miwili, tunayemwita Cherehani kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mtoto alikuwa amekaa kimya, jambo la nadra, anakula ndizi. Mia na kumi na mbili.

Akanipigia simu wodini. Mimi ni muuguzi wa watoto kwa miaka kumi na tisa sasa.

"Shemeji, mapigo mia na kumi na mbili! Na hajakimbia, amekaa tu."

Nikaweka sauti ya nje ili wenzangu nao wafaidi. "Sasa si umfungue boneti, fundi?" nikamwambia. "Au umbadilishie oili." Wauguzi walicheka mpaka mmoja akashika kitanda.

"Lakini ni kawaida?" aliuliza.

"Huyo ni mtoto, si lori," nikasema, nikakata.

Jumamosi mchana nikapita kwao. Nyuma ya mlango wa jikoni fundi alikuwa ameandika kwa chaki, kama anavyoandika ukutani gerejini: 112, 115, 109, 84, 66. Ya mwisho ameizungushia duara. Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenda sokoni.

"Karibu shemeji! Ulinicheka, haya, cheka sasa. Nimeirekebisha."

Cherehani alikuwa amelala mkekani, macho nusu wazi, ndizi nzima mkononi. Nikamwita. Hakuitika, yeye anayejibu hata redio. Viganja vyake vilikuwa baridi na paji la uso limelowa jasho. Nikaweka vidole shingoni pake, nikahesabu. Sitini na mbili.

"Umempa nini?"

"Kidonge cha mama, kile cha kupunguza mapigo. Jana robo, leo nusu." Bado anatabasamu, mjinga yule. "Gari likipiga juu wakati limesimama, linakufa mapema. Nisingeweza kumwacha hivyo."

Nilimtukana matusi ambayo shemeji hatukanwi. Nikamnyakua mtoto, yeye akaendesha. Mtu anayewasema madereva wote duniani hakukwepa shimo hata moja.

Wodini sukari ya mtoto ilikuwa imeshuka vibaya, maana kidonge kile hushusha na sukari. Wakamwekea dripu, wakamfunga nyaya za mashine kifuani, daktari akasimama kando ya kitanda kwa muda mrefu. Mdogo wangu alifika na kikapu chake, akakaa sakafuni.

Alasiri mashine ikaonyesha mia na nne. Cherehani akafungua macho, akadai ndizi yake.

"Mia na nne," fundi akanong'ona. "Imepanda tena?"

Ndipo nikamwambia. Mtoto wa miaka miwili akiwa macho na ametulia, moyo wake hupiga kati ya tisini na kitu na mia na arobaini, kwa sababu ni mdogo na kila pigo linasukuma damu kidogo. Maneno haya nawaambia kina mama wodini kila siku, hata wasioniuliza.

Fundi alisikiliza mdomo wazi. Aliyarudia polepole, asikosee.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Mbona ni machache, shemeji?" Hakuwa na hasira. Alitaka kujua kweli. "Yasingetosha kwenye simu?"

Muuguzi aliyeshika kitanda kwa kicheko siku ile alikuwa anarekebisha dripu. Hakuniangalia.