Vidole vya Daktari

"Kidole kimoja, gonga mara moja. Vitatu, mara tatu. Hujasahau lakini?" kaka yangu aliniuliza mlangoni mwa zahanati.

Ningesahau vipi? Miaka kumi nilisimama nyuma yake ulingoni na ndoo na taulo. Jicho lake la kushoto lilipoanza kufifia, hivyo ndivyo tulivyowazuga madaktari wa ngumi: yeye kitini, mimi nyuma, kidole changu begani mwake. Watu walimwita Radi, na Radi alistaafu na jina hilo tu. Sasa anaendesha basi la shule, na leo anapimwa macho. Akishindwa, kazi hana.

Nilikuwa nimefura kwa hasira, nisiwafiche. Basi la shule, jamani! Juzi alilichubua ubavu wa kushoto kwenye nguzo, akaapa kwamba nguzo imesogezwa. Eti nguzo!

"Huyu mdogo wangu ananishikilia tu, nina kizunguzungu," alimwambia daktari, mkavu kabisa.

Daktari akamziba jicho la kushoto. La kulia likajibu vizuri. Kisha akaziba la kulia, akanyoosha mkono.

"Vingapi?"

Vitatu. Mimi naviona. Kidole changu kiko begani mwake, na shati la sare, alilopigiwa pasi na shemeji asubuhi, limeshalowa jasho. Bega likakaza, likisubiri.

"Mzee, vingapi?"

Akakohoa. Zamani kikohozi kile kilimaanisha, fanya haraka. Ni kaka yangu, ndiye aliyenilea. Halafu nikaviona vile viti vidogo arobaini vya basi, na vichwa juu yake. Nikaondoa mkono.

"Viwili," akabahatisha.

Daktari akaandika.

Nje, kaka alikaa kwenye benchi, akafungua kifungo cha juu. Nikajiandaa. Ngumi zake nazijua.

"Hukunigonga."

"Sikukugonga, kaka. Nichukie tu, lakini watoto wa watu siwezi."

Akanitazama kwa lile jicho moja. Akatoa funguo za basi, akanishikisha.

"Karudishe wewe. Mimi naona aibu." Kisha akasema, "Kabla ya pambano la mwisho, lililolimaliza jicho hili, daktari aliponiuliza, ulinigonga mara mbili."

"Ulinisihi, kaka."

"Nilikusihi, ndiyo. Siku ile ndiyo ungeondoa mkono."