Vifungio vya Kiti cha Nyuma

Kama hujawahi kupanda gari lililopita mikononi mwa Mama Kochi, basi raha ya kiti unaisikia tu. Jina hilo alipewa na wateja wake, na walikuwa na haki. Unampa gari lenye viti vilivyochakaa, sponji inachungulia nje, yeye anakurudishia sebule yenye magurudumu. Kazi yake aliipenda mpaka ikampa kiburi, na kiburi chenyewe hakukificha. Mafundi wengine, alikuwa akisema, wanakivisha kiti nguo ya kuazima. Yeye anakishonea yake.

Ulaini ule ulikuwa na siri, na siri ilikuwa kwenye kiti cha nyuma. Kila kiti cha nyuma huja na vifungio, vile vinavyopokea ulimi wa mkanda ukauma kwa mlio, na vifungio hivyo huchomoza palepale makalio yanapokutana na mgongo wa kiti. Hapo ndipo ngozi za mafundi wengine hukunjamana. Mama Kochi hakuwa na subira na mikunjo. Alichukua spana, akafungua bolti, akaving'oa vifungio na kuvitupa kwenye ndoo tupu ya rangi chini ya meza yake, kisha akaivuta ngozi moja kwa moja kutoka mlango hadi mlango. Mikanda yenyewe aliiacha ikining'inia pembeni, ili askari wa barabarani akichungulia aione. Kwani nani anafunga mkanda nyuma? Aliwauliza hivyo wateja wake nao wakacheka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyerudi kulalamika.

Asubuhi hiyo alikuja mmoja. Alikuwa mwalimu, mteja wa zamani kidogo, na alikuja kwa miguu. Mama Kochi alikuwa anakata ngozi mezani, akamtania kama kawaida yake.

"Mwalimu, gari umeshaliuza? Au umeamua kupunguza mwili?"

Mwalimu hakucheka. Alisimama mlangoni, mkoba kaukumbatia kifuani, macho mekundu.

"Nimefuata vifungio vyangu vya nyuma."

"Vya nini tena?"

"Nipe tu, mama."

Mama Kochi akaweka mkasi chini. Mwalimu akaanza kueleza kwa sauti ya chini, iliyokauka. Mwanawe alikuwa kwenye kiti chake cha mtoto, kile cha plastiki chenye mikanda midogo ya mabegani na kiunoni. Mtoto alifungwa vizuri kabisa. Ila kiti chenyewe kilitakiwa kifungwe kwenye gari kwa mkanda wa gari, na yeye alipapasa pale nyuma akitafuta pa kuuchomeka, hakupaona. Akadhani gari lake ndivyo lilivyoundwa. Akakibana kiti kwa mto, akaenda zake. Mbwa akakatiza barabara, naye mwalimu akashika breki.

"Kiti kiliruka na yeye ndani," alisema. "Amevunjika bega na taya. Daktari anasema nishukuru. Nimemfunga mwanangu kwenye kitu ambacho hakikufungwa popote, halafu nikajiona mama mwema."

Mama Kochi aliivuta ndoo kutoka chini ya meza. Mwalimu akainama, akachakura. Vyote vilifanana, vyeusi, vyenye kidude chekundu cha kubonyeza. Mwishowe akaokota viwili tu, vyovyote vile, akavitia kwenye mkoba na kuondoka bila kuaga. Ingekuwa kheri angetukana.

Mama Kochi akabaki amesimama, ndoo mkononi. Alimhurumia mwalimu, alimhurumia kweli, na huruma hiyo haikudumu hata kidogo, maana nyuma yake kulikuja jambo jingine. Gari la binti yake.

Alilishona mwenyewe mwezi uliopita, zawadi kwa binti na mkwe mjukuu wake alipoanza kutembea. Hakuwahi kushona kiti kama kile. Rangi ya maziwa, mishono miwili miwili, na nyuma kulikuwa laini mpaka mkwe wake akapitisha kiganja pale mara mbili. Asubuhi hiyohiyo walikuwa wamepita kumuaga: mkwe kwenye usukani, mama mzazi wa mkwe kiti cha mbele, maana walikuwa wanamrudisha kwake ng'ambo ya mlima, na nyuma binti na mtoto. Mtoto alikuwa kwenye kiti chake kipya. Mama Kochi aliingiza kichwa dirishani, akamfinya mjukuu shavu, akaona mkwe wake amekisogeza kiti cha mbele nyuma mpaka kikakigandamiza kile cha mtoto. Hata akasifia. "Hapo kimebanwa, hakitoki mpaka Januari." Wote walicheka. Sasa alipokumbuka kicheko kile, akaanza kupekua meza. Simu aliikuta chini ya vipande vya ngozi, akampigia binti yake.

"Mama, tuko salama," binti akasema kabla hajaulizwa. "Nimekuweka kwenye spika, mama mkwe anataka kukusalimia."

"Mkwe!" sauti ya mama yule ikaingia, nene, yenye furaha. "Viti vyako jamani, nimekaa kama niko ukumbini kwangu. Nawaambia hawa, huyu mwanamke mikono yake ingekatiwa bima. Nikifika nawaonyesha majirani zangu wote, wajue mwanangu kaoa wapi."

Mama Kochi alifungua kinywa. Sentensi ilikuwa fupi: niling'oa vifungio, simameni. Aliikunja ulimini, akaikunjua, na kila mara aliiona ikitua katikati ya gari lile, mbele ya mwanamke huyu aliyekuwa anamsifu, mbele ya mkwe ambaye, kwa heshima aliyompa, tangu aoe hajawahi kumtazama usoni moja kwa moja.

"Ahsante, mkwe," alisema. "Mtoto je? Amefungwa?"

"Amefungwa mikanda yote, mama," binti akajibu. Ulikuwa ukweli mtupu, na ukweli huo ulimchoma.

"Na kiti chake kimebanwa vilevile?"

"Ah, hapana," mama yule, mkwe mwenzake, akadakia. "Mjukuu wako ni mchezaji mpira. Alinipiga mateke ya mgongo mpaka nikakoma, nikasogeza kiti changu mbele. Sasa yuko huru, anajirushia miguu. Tumemwekea begi la nguo."

Mama Kochi akaitazama ndoo ya vifungio.

"Mwendo mdogo mdogo, jamani," akasema. Halafu akakata simu.

Alijitukana kwa sauti, matusi ambayo hakuwahi kumtukana mtu. Jirani yake, fundi breki wa banda la pili, akachungulia kuona anagombana na nani, akamkuta peke yake anazunguka meza. Akapiga tena. Safari hii aliongea haraka, asipewe nafasi ya kusifiwa.

"Rudini kwanza. Kuna mzigo wa mkwe mwenzangu nimesahau kumpa. Zawadi."

Ikajibu sauti ya mkwe wake, ya upole kama kawaida. "Mama, tumeshaanza kupanda mlima. Nitaupitia kesho nikirudi, nakuahidi. Usijisumbue."

"Ni mzigo wa haraka."

"Mkwe, upendo wako nimeupokea," mama yule akasema akicheka. "Mzigo utaoza?"

Uongo huwa hivyo: ukishautoa lazima uulishe, na yeye hakuwa na cha kuulisha. Akasema haya, safari njema. Alipoitua simu mezani alijua kabisa anachokifanya. Alikuwa anapima aibu yake na uhai wa mtoto, na mizani ilikuwa inamdanganya mchana kweupe.

"Nini?" fundi breki akauliza.

Akamwambia. Kwa mtu asiye ndugu maneno yalitoka bila taabu, yote, na vifungio na mwalimu na mateke ya mgongoni. Fundi breki akamsikiliza huku akijifuta mikono, kisha akasema jambo moja tu: "Piga tena uwaambie hivyo hivyo."

Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga ya mkwe. Nayo ikaita, ikakata.

"Wanaendesha," fundi breki akasema, lakini tayari alikuwa anatafuta funguo za pikapu yake.

Wakatoka. Fundi breki akakanyaga mafuta. Mama Kochi alikaa mkanda wake umembana kifuani, spana mapajani, na vifungio viwili alivyovikwapua kwenye ndoo. Alijipangia jinsi itakavyokuwa: atawasimamisha, atapasua ngozi ile ya maziwa kwa mkono wake, atafunga bolti, ataomba radhi mbele ya wote, wamcheke mpaka wachoke. Aliitamani sana aibu hiyo sasa. Kila gari lililokuja kutoka mlimani alilikodolea macho, na mara mbili aliona mishono yake mwenyewe ikipita upande wa pili, watoto wamesimama kwenye viti vya nyuma wakipunga mkono.

Mlimani magari yalikuwa yamesimama foleni. Watu walishuka, wameshika viuno, wanatazama mbele kwenye kona. Fundi breki alipozima injini Mama Kochi alikuwa ameshafungua mlango. Alitembea, akakimbia, akatembea tena kwa kuwa pumzi ilimwishia, na njiani alisikia vipande vya maneno ya watu. Lori liliharibika kwenye kona. Hapana, hawakuligonga. Kijana alishika breki vizuri tu, gari halina hata mkwaruzo. Ni mtoto.

Gari la binti yake, la rangi ya fedha, lilikuwa pembeni, zima kabisa, milango wazi. Ndani kiti cha mtoto kilikuwa kimepita kati ya viti vya mbele, kimelala kifudifudi chini ya dashibodi, mikanda yake midogo imefunguliwa na mtu aliyekuwa na haraka. Begi la nguo lilikuwa palepale nyuma. Ngozi haikuchanika popote.

"Wamepelekwa zahanati ya hapo chini," mtu mmoja akamwambia. "Wewe ni nani yao?"

Fundi breki akamshika mkono, wakateremka.

Zahanati ilikuwa ya vyumba vitatu na benchi moja. Mkwe wake alikuwa amesimama ukutani, damu kidogo kwenye shati, si yake. Mkwe mwenzake aliketi akitazama viganja vyake. Binti alikuwa mlangoni mwa chumba cha ndani, paji la uso limeegemea ubao, na alipomwona mama yake hakusogea.

Muuguzi mmoja alitoka na kalamu. "Naomba kuelewa. Mtoto alikuwa amefungwa au hakufungwa?"

"Alifungwa," mkwe akasema haraka. "Ni breki tu zilikuwa kali. Kosa ni langu, nilikuwa na mwendo."

"Hakuwa na mwendo," mama yake akasema polepole. "Mimi nilikuwa mbele. Hakuwa na mwendo."

Mama Kochi akaviweka vile vifungio kwenye benchi. Vikagonga ubao na kila mtu akatazama.

"Niling'oa hivi," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kwenye gari la wanangu, kwa mkono wangu, ili ngozi ikae vizuri. Kiti cha mtoto hakikuwa na pa kufungwa. Andika hivyo. Mtu asimlaumu huyu kijana."

Muuguzi akamtazama, akaandika, akarudi ndani. Mkwe mwenzake alifumba macho. Mama Kochi akasubiri kupigiwa kelele, alizihitaji kelele hizo.

"Tulijua, mama," binti akasema.

Alikuwa bado ameegemea mlango. Aliongea bila kugeuka.

"Tuliona juzi, tulipokuwa tunajaribu kile kiti. Tukapapasa tukakuta matundu ya bolti chini ya ngozi. Nilitaka nije nikuulize jioni ileile. Mume wangu akanizuia. Akasema mama ametushonea kwa moyo wake wote, tutaanzaje kumwambia kazi yake ina kasoro. Akasema tukibane tu, tukirudi atatafuta fundi mwingine kimyakimya, usijue."

Mkwe akainamisha kichwa.

"Na wewe ulipopiga simu," binti akaendelea, sasa akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu mzima kuliko mama yake. "Mara mbili. Ulikuwa unataka kusema nini?"

Mama Kochi alitafuta neno la kumpunguzia uchungu yeyote kati yao.

"Hilo hilo," akasema.

Mlango ukafunguka. Muuguzi hakutazama benchi wala wanawake wawili waliokuwa hapo. Alimwita mama wa mtoto peke yake, kwa sauti ya chini kama wanavyoitwa wafiwa, akamshika bega wakaingia, na mlango ukafungwa.