Kiti cha Pili Chumba cha Kompyuta

Mkuu wa idara alisasisha mfumo endeshi wa kompyuta za hospitali asubuhi ya kliniki ya kisukari, foleni imefika mlangoni, kisha akaenda kunywa chai. Programu ya dawa ikagoma kufunguka. Fundi wa kompyuta alisoma sababu kwenye skrini huku muuguzi amemsimamia begani: kuna maktaba imekosekana, yaani kile kipande cha programu ambacho wengine hukitegemea bila kukumbuka nani alikiandika.

Fundi alikumbuka. Kiliandikwa na marehemu baba yake, aliyefanya kazi chumba hichohicho. Ukiona vyaelea, mzee alipenda kusema, vimeundwa.

Akarudisha toleo la zamani la maktaba hiyo. Nalo likadai jingine la zamani zaidi, na ukuta ukarudia rangi yake ya zamani ya kijani. Hilo nalo likadai lake, na feni iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu ikaanza kulalamika darini. Fundi hakuacha, watu walikuwa wanasubiri sindano zao. La mwisho lilipokaa sawa, baba yake alikuwa kwenye kiti cha pili, miwani imefungwa uzi, anapangusa makombo ya mkate kwenye kibodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nani kawaambia mguse mfumo siku ya kliniki?"

Programu ikafunguka. Muuguzi akamwamkia mzee, akaenda kumwita mgonjwa wa kwanza.

Adhuhuri mzee aliinuka kujinyoosha mgongo, na skrini zote za dirisha la dawa zikazima. Akaketi tena, zikawaka. Fundi akaona miguu yake imevimba vilevile kama siku alipofia pale mezani, na roho ikamuuma. Akamfuata mkuu.

"Nipe muda niiandike upya ile maktaba, bosi. Mzee apumzike."

Mkuu akachungulia chumbani. "Aa, mzee wetu! Kumbe upo!" Kisha akamgeukia fundi. "Sasa uandike upya ya nini? Kitu kinafanya kazi, kiache."

Fundi alirudi na kikombe cha chai na stuli ya kuwekea miguu. Mzee alipokea chai bila kutoa macho kwenye skrini.

"Ile likizo niliyoomba, wamesemaje?"

"Bado, baba."

Mzee akaguna, akasogeza kiti mbele. Kule dirishani, mgonjwa mwingine akaitwa.