Mashine Nyekundu Ndani ya Ndiva

Mume wangu Naftali alikuwa mtu mwema kwa kila mtu isipokuwa mdogo wake. Ungemjia na njaa angekupa ndizi zake za mwisho, lakini Asheri akija na salamu tu, Naftali ananuna. Wala hakuuficha wivu wake. Asheri akikohoa kanisani, Naftali atakohoa zaidi.

Mambo yalianza Asheri aliporudi kutoka vita vya Burma. Mama mkwe wangu, Eliwaza, alimchinjia mbuzi aliyekuwa akinoneshwa kwa ajili ya Krismasi, na kijiji chetu kizima cha Kighare kikaja kumsikiliza akieleza jinsi alivyoendesha maboti ya jeshi kwenye mito ya huko. Naftali alikaa pembeni akiguguna mfupa usio na nyama. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mimi nimewahi kuchinjiwa hata kuku? Kwani nilikuwa nafanya nini huku? Nani aliyekuwa akimlisha mama samaki?"

Kweli, ni yeye. Baba yao aliwaachia mtumbwi wa mbao kule chini, ziwani Jipe, na miaka yote ya vita Naftali ndiye aliyesimama nyuma ya mtumbwi na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, akipenya katikati ya mafunjo. Ziwa lile si maji matupu. Mafunjo yanahama na upepo, njia ya jana leo unaikuta imefungwa, na baba yao alimfundisha mwanawe wa kwanza peke yake namna ya kuzitambua njia hizo. Mwenye upondo ndiye aliyeamua mtumbwi uende wapi na nyavu zitegwe wapi. Pale nyuma palikuwa mahali pake duniani, na kwa hilo sikuwahi kumcheka.

Mwaka mmoja bei ya kahawa ikawa nzuri, ndugu wawili wakakubaliana kununua mashine ya boti ili samaki wafike sokoni kabla jua halijawaharibu. Shida ikawa wanunue mashine ipi. Chande, mwenye duka kule Same, alikuwa nazo mbili. Mama mkwe akaniita. "Lea, mwanangu, nenda nao, ukae katikati yao. Wakipigana kwenye garimoshi mimi nitauweka wapi uso wangu?"

Mashine moja ilikuwa ndogo, ya kijivu, imechubuka rangi. Nyingine ilikuwa kubwa, nyekundu, inang'aa kiasi cha kujionea meno yako. Asheri alichutama akazipima zote mbili kwa shibiri, upana na urefu. Kisha akaiinua ile ndogo kwa mkono mmoja, akaishusha, akaiinua tena. Akamwuliza Chande kama plagi zake zinapatikana. Akajibiwa zipo tele.

"Hii ya kijivu inatutosha," akasema.

Naftali alikuwa amesimama mlangoni tangu tuingie. Sasa akaenda moja kwa moja akaipiga ile nyekundu kofi la mgongoni, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mimi nachukua hii."

"Kwa nini, kaka?"

"Ina nguvu."

"Nguvu ya kwenda wapi? Jipe ni mafunjo matupu, hii itajifunga majani hata kabla hatujaondoka ufukweni."

"Jipe unanifundisha wewe?"

Sababu yake ya kweli hakuisema, na haikuwa na haja ya kusemwa. Asheri angechagua nyekundu, mume wangu angeapa kwamba mashine yoyote isiyokuwa ya kijivu ni takataka. Chande, ambaye hakutaka ugomvi mbele ya vitambaa vyake, akasema alimfahamu marehemu baba yao, basi wazichukue zote mbili, wakazijaribu, wamrudishie moja.

Kwenye garimoshi nilikaa katikati kama nilivyoagizwa. Naftali akatoa sharti lake juu ya kichwa changu. "Ambaye mashine yake itashinda, ndiye atakayekaa nyuma ya mtumbwi."

"Na mwingine?" Asheri akauliza.

"Atakaa mbele avute nyavu."

Asheri hata hakugeuka kutoka dirishani. "Haya, kaka," akasema. Sikupenda alivyokubali upesi namna ile. Niliogopa, maana nilijua Naftali akiondolewa pale nyuma hatakuwa mtu wa kuishi naye.

Na unadhani mume wangu alitaka kuzijaribu wapi? Ziwani? Thubutu! Alitaka ndiva. Ndiva ni bwawa letu la kijiji, ambalo babu zetu walilizungushia ukuta wa udongo na mawe kwa msaragambo, yaani kazi ya watu wote. Usiku maji ya kijito yanajaa humo, asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka mferejini hadi kwa mwenye zamu.

"Ndiva haina hata jani moja," Asheri akasema. "Tutajua nini pale?"

"Kighare itajua," Naftali akajibu. Hapo ndipo nilipomwelewa. Kule Jipe angeshinda mbele ya kambale tu.

Zamu ya maji siku ya kujaribu ilikuwa yangu. Mahindi yangu yalishaanza kukunja majani kwa kiu, nami nikamwambia hivyo. Akaniambia watamaliza hata sijashika jembe. Mzee Kaanaeli, msimamizi wa ndiva, alikuwa amekwenda mazishini kijiji cha mbali, la sivyo angewafukuza kwa fimbo. Na kwa kuwa mlimani hakuna mtumbwi, walikata migomba, wakaishikamanisha kwa vijiti ikawa chelezo, wakapigilia ubao nyuma wa kufungia mashine.

Asheri alianza. Ile ya kijivu iliwaka kwa mvuto wa kwanza, akaizunguka ndiva polepole, akarudi alipoanzia. Watu wakapiga makofi ya adabu.

"Hata bata angekwenda hivyo," Naftali akasema.

Ile nyekundu ilibebwa na watu wawili. Ilipofungwa, nyuma ya chelezo ikazama mpaka maji yakamfika Naftali kiunoni, na mbele ikanyanyuka juu. Akavuta kamba, kimya. Akavuta tena. Mara ya tatu ikanguruma, mbuzi wa jirani wakakata kamba zao. Chelezo hakikujua kona. Kilikwenda kilikokuwa kimeelekea, kikapanda ukuta wa chini pale penye kizibo, na mapanga ya mashine yakaendelea kuchimba udongo wa babu zetu mpaka ukuta ukakatika.

Maji yakamwagika kwa kishindo. Yalipita shambani kwangu, ndiyo, lakini yalipita na mahindi yangu.

Asheri aliruka kwenye lile pengo akiwa amekumbatia gogo la mgomba, akaziba kwa kifua chake huku akipiga kelele aletewe mawe. Wanaume wakamfuata. Wanawake wakawa wanasema, "Asheri! Jamani, Asheri!" Mimi nilimwendea mume wangu, aliyekuwa ameketi kwenye tope mpaka masikioni, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watu wa kanisa. Sidhani hata aliyasikia. Hakuyatazama mahindi yangu. Alimtazama mdogo wake anavyosifiwa, na roho ilimuuma waziwazi.

"Hata kuziba," akasema, "ni yeye."

Mzee Kaanaeli aliporudi alitoa hukumu kama ilivyo desturi: aliyebomoa atachinja, na atawalisha watu wa msaragambo mpaka ukuta usimame. Mama mkwe akamtoa mbuzi zizini, akamkabidhi Naftali kamba. "Ulikuwa unalia kuwa hujawahi kuchinjiwa," akamwambia. "Basi leo huyu ni wako."

Ile nyekundu tuliiosha tukamrudishia Chande. Ya kijivu tukashuka nayo Jipe, nami nikaenda na vikapu vyangu, maana mwuza samaki wao ni mimi. Tulipofika, Naftali aliuegemeza upondo kwenye kichaka pale ufukweni, akaingia mtumbwini, akaketi mbele, akatugeuzia mgongo. Iliniuma kuutazama mgongo ule.

Asheri hakuifunga mashine katikati ya ubao wa nyuma. Aliifunga pembeni kabisa, akaikaza, akageuka. "Kaka, upondo uko wapi?"

"Umeshinda. Kaa hapo."

"Nimeshinda nini? Mimi njia za humu sizijui. Baba alikufundisha wewe. Mimi nikija kutazama alinifukuza nikachunge mbuzi, na nilikuwa nalia huko porini kwa wivu." Akaonyesha kwa kidole ubao mtupu uliobaki kando ya mashine. "Unafikiri kule Same nilikuwa napima nini? Ile nyekundu ingekula nyuma yote. Wewe ungesimama wapi?"

Naftali akashuka, akauchukua upondo, akaenda nyuma, akaweka miguu yake pale palipobaki. Ilienea. Asheri akainyanyua mashine kwa mkono mmoja, kaka yake akasukuma, wakapotelea ndani ya mafunjo. Baadaye nikaisikia ikiwaka kule kwenye maji ya wazi, na sauti yake haikukatika.

Walirudi na perege wa kujaza vikapu vyangu vyote. Naftali alinijia na kikapu cha kwanza, macho mekundu.

"Lea, unajua yule mtoto alipima mahali pa miguu yangu?"

"Najua. Nilimwona akipima."

Akakiweka kikapu chini. "Mimi ndiye mkubwa," akasema. "Kwa nini hilo sikulifikiria mimi kwanza?"

Akanuna njia nzima ya kupanda mlima.