Draya katika Chumba Namba Nane

Sikumpenda Arafa tangu siku alipoingia nyumbani kwetu Kiegeani, na sioni kwa nini niseme uongo leo. Mume wetu Muhidini alikuwa katibu wa ushirika wa nazi, na miaka ile ya Azimio hakuna mtu kisiwani aliyemshinda kwa kuhubiri usawa. Mkutanoni angeweza kusimama kutwa akieleza jinsi kila mtu atakavyopata haki yake sawa na mwenzake. Nyumbani alikuwa na wake wawili tu, na hao wawili walimshinda.

Zamu zetu zilikuwa siku mbili mbili. Mwaka wa kwanza nilivumilia. Mwaka wa pili, asubuhi moja ya zamu yangu, Arafa alipita uani na ndoo yake, ushungi umelowa mpaka mgongoni. Kwetu mwanamke mwenye kichwa kibichi alfajiri haulizwi. Amekoga janaba, na janaba kwa kawaida lina watu wawili. Usiku ule Muhidini alikuwa ameniaga kwamba anakwenda kulinda nazi za ushirika.

Nilimfuata mjomba wake, Mzee Mkadam, mtu aliyesoma dini na asiyependa utani, nikafanya fujo mpaka Muhidini akaapa mbele yake: siku atakayomwendea Arafa ndani ya zamu yangu, Arafa ameachika, talaka tatu. Nilifurahi sana. Kiapo cha namna hiyo hakina mchezo. Kikitimia kimetimia, hata kama aliyeona ni Mungu peke yake, na mke hana njia ya kurudi. Toka hapo nikawa nakikagua kichwa cha mke mwenzangu kila asubuhi. Kilikuwa kikavu, na nilikereka. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kaka yake Arafa alikuwa baharia wa meli za mbali. Akamletea zawadi ya draya, mashine ya kukaushia nywele, rangi ya waridi, na mpini kama wa bastola. Kiegeani hakukuwa na umeme wa kuwasha hata taa moja. Wanawake walikuja kuitazama, wakaishika, wakairudisha kwenye boksi. Mimi nilisema mbele yao kwamba afadhali angeletewa jembe, taifa lingefaidika. Walicheka wote. Arafa hakunijibu, na kule kutonijibu kwake ndiko kulikokuwa kukinichoma siku zote.

Basi tukaenda Dar es Salaam, mimi kutazamwa macho, Arafa kumwoza kaka yake, Muhidini na Mzee Mkadam kwa shughuli za ushirika. Tulirudi kwa meli ya abiria ya serikali. Muhidini alipata vyumba viwili, namba saba na namba nane, vimetenganishwa kwa ubao. Mzee Mkadam alisema yeye hafungiwi ndani ya sanduku, akatandika mkeka wake sitahani. Usiku wa safari ulikuwa wangu. Mume wangu aliweka mfuko wake chumba namba saba, mimi nikameza dawa ya kichefuchefu, nikalala kama gogo.

Nilipoamka kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Meli ilikuwa imetia nanga mbele ya Kilindoni, ikingoja maji yajae ili mashua zije kutushusha. Kitanda cha Muhidini kilikuwa kitupu, na shuka halina hata kunyanzi. Nikaketi. Ndipo niliposikia upande wa pili wa ubao kitu kinavuma, mvumo wa mfululizo kama nyigu walioingia kwenye debe.

Nilielewa papo hapo. Nywele za Arafa zilimfika kiunoni, na nywele kama zile zikilowa haziufichi ubichi wake. Ushungi ungekuwa chapachapa kabla hajaimaliza ngazi. Meli ina umeme. Kumbe lile boksi hakulibeba mpaka Dar kwa ajili ya harusi peke yake. Nyuma ya kila mlango palibandikwa tangazo kwamba pasi, jiko na chombo chochote cha umeme cha abiria ni marufuku chumbani. Mimi kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo, lakini tangazo lile nililisoma lote.

Taa yangu ikafifia, ikapata nguvu, ikazimika. Feni ikasimama. Mvumo nao ukakatika.

Ujia mzima ulikuwa giza, na watu wakaanza kufungua milango wakiulizana. Baada ya muda akashuka fundi wa umeme, kijana mmoja akiitwa Kombo, na tochi mkononi na hasira usoni. Alisema fyuzi ya upande wote imeungua, na kwamba meli hii ni mali ya umma, si nyumba ya mtu, na anayetaka kuichoma kwa anasa zake atajieleza kituoni. Akawa anapita akinusa mlango kwa mlango. Hakuwa na haja ya kunusa sana. Nilimwonyesha kwa kidole.

Arafa alikawia kufungua. Alipofungua alikuwa amejifunga kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake draya ililala kitandani ikitoa harufu ya kuungua. Kombo akaichukua, akasema ataiandikia ripoti. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Kwangu yalikuwa ndiyo yanaanza. Nilinyoosha mkono nikaivuta ile kanga, mbele ya Kombo, mbele ya abiria wa ujia mzima, wanaume kwa wanawake. Sikuona haya. Haya zilikuja baadaye, na hazijaondoka.

Mwanga wa tochi ulimpiga. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimekauka, zimetimka. Upande wa kushoto zilikuwa zimeshikana, na maji yanamchuruzika begani.

Nikasema aitwe Mzee Mkadam. Aliposhuka, Muhidini alikuwa nyuma yake, kanzu safi, anatoka kusali. Kichwa chake kilikuwa kikavu, maana mwanamume akinyoa kipara huhitaji upepo kidogo tu. Nikaeleza kila kitu kwa sauti ya kusikika. Nilitaja kiapo, nilitaja zamu, nilitaja kitanda kitupu. Mzee Mkadam alinisikiliza akitazama chini, kisha akamgeukia mpwa wake.

"Muhidini, ulilala wapi?"

Siku za mwizi ni arobaini, nilijiambia, na hii ndiyo ya arobaini. Muhidini alinitazama mimi, akawatazama abiria ambao wengi walikuwa wanachama wake wa ushirika. Arafa hakumtazama hata kidogo.

"Nilikuwa sitahani, upande wa nyuma, tangu saa nne," alisema. "Chumba hiki sijakanyaga."

Halafu macho ya watu yakahama. Yalimtoka Muhidini yakaenda kwenye kichwa cha Arafa, ule upande mbichi, na kutoka hapo yakaanza kutafuta mwanamume mwingine. Yakamwangukia Kombo, aliyekuwa kijana na baharia na aliyesimama karibu na mlango. Kombo alirudi nyuma hatua mbili. Mwanamke mmoja akamwomba Mungu msamaha kwa sauti ya chini.

Muhidini aliyaona macho hayo. Alijua yanakwenda wapi na yatamfanya nini mkewe katika kisiwa chetu, yeye na watoto atakaowazaa. Akajifuta jasho, akawaacha waendelee kutazama.

Mimi niliyeomba miaka miwili nimwone Arafa akifedheheka nilikuwa nimesimama pale na kanga yake mkononi, na sikupata utamu wowote. Bado Arafa alikuwa na neno la kujiokoa, na kila mwanamke pale alilijua. Angesema siku zake zimekwisha na amekoga kujitoharisha. Nani angembishia? Mimi mwenyewe ningeshindwa. Angebaki na heshima yake, na ndoa yake, na mumewe.

Aliinua mkono akaichukua kanga yake kutoka mkononi mwangu, taratibu, akajifunika.

"Nilikuwa na uongo wangu tayari, Mzee Mkadam," alisema. "Niliutunga nikikausha nywele, kwa ajili yake. Lakini kanikana mbele ya watu wote hawa. Alilala hapa. Aletewe Msahafu aape kwamba hakulala."

Mzee Mkadam alitoa Msahafu wake kwenye mkoba, akaushika kwa mikono miwili, akamnyooshea. Hakumhimiza. Muhidini aliutazama, akainua mkono, akaushusha. Akasema kitu kuhusu udhu. Mzee Mkadam akamkumbusha kwamba ametoka kusali sasa hivi.

"Basi imeanguka," alisema mzee. "Tatu."

Muhidini alimpa mgongo, akapanda ngazi. Mzee alimwambia Arafa kwamba nyumba ya Kiegeani ni wajibu wa mumewe mpaka eda imalizike. Arafa akasema eda ataikaa kwa kaka yake. Meli ingeteremka mpaka Mtwara kisha irudi Dar, na yeye angekaa humo humo. Nikabaki naye mlangoni. Sikujua nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilitaka anitukane, ili tuwe sawa.

"Dada Mwatima," aliniambia, na miaka yote aliniita hivyo nami nikaona ni kejeli, "mchukue. Leo ungekuwa wewe, angekukana vilevile."

Akafunga mlango, wala hakuubamiza.

Maji yalipojaa mashua zikaja. Njia nzima Muhidini alikaa karibu yangu akizungumza habari za bei ya mbata, kama kwamba tumetoka matembezini. Tulipokaribia ufukweni akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya upole, ile aliyokuwa akiitumia zamani tulipokuwa wawili, "Sasa nyumba ni yako peke yako. Si ndivyo ulivyotaka?"

Ndivyo nilivyotaka. Alishuka majini akanipa mkono. Nikautazama ule mkono, ulioinuka kuelekea Msahafu ukashuka, na nikajua ndio nitakaokula nao, ndio utakaonizika au nitakaouzika. Nilijitupa majini mwenyewe, nikalowa mpaka kiunoni.

Kiegeani habari zilinitangulia. Wanawake walinijia mpaka uani, wakapiga vigelegele, wakaniambia hongera, Bi Mwatima, umemng'oa. Nikawatandikia mkeka, nikawapikia chai, nikapokea hongera moja baada ya moja.