Vidonge vya Mwaka Mzima

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, ila kwa wageni wa matibabu, wale madaktari wa kujitolea waliopiga kambi shuleni, aliufunga. Kila mwaka walipokuja, alikifunga kibanda chake wiki nzima, akavaa fulana ya kujitolea iliyomfika magotini, akasimama langoni mwa shule kupanga foleni. Hakulipwa na hakutaka kulipwa. Majirani walipomcheka kwa kuacha kazi za watu zikilala, aliwajibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyie kaeni hapo mkikohoa."

Faida yake ilikuwa moja tu: mama yake alipita mbele ya wote. Mwaka uliopita bibi huyo aliingizwa wa kwanza darasani, akapimwa presha, ikaonekana imepanda vibaya. Akapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye kifuko cha plastiki kilichochorwa jua, maana yake anywe asubuhi. Daktari kijana akamshika bega, akamwambia, "Bibi, hii dawa usiiache hata siku moja. Mwakani tutarudi kukuona." Bibi akaahidi, na ahadi kwake ilikuwa deni. Ndivyo alivyomlea hata binti yake, huyu fundi, kwa kiboko inapobidi.

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, mama alimeza dawa. Fundi alipouliza kama bado zipo, alijibiwa, "Zipo tele. Wale watu hawana uchoyo." Zahanati ya mtaa ilikuwa na mashine ya presha isiyo na betri, kwa hiyo hapakuwa na wa kumbishia. Kichwa kilipomgonga mama alisema ni jua. Miguu ilipovimba akasema ni uzee, na uzee hauna dawa. Fundi aliwaombea dua wale wageni kila alipokumbuka.

Mwaka huu walipowasili, Fundi aliona wanashusha viti virefu vya kulaza watu na masanduku ya miswaki. Akamfuata mratibu, bwana mmoja mchangamfu mwenye kipaza sauti shingoni.

"Kaka, mashine za presha ziko gari gani?"

"Mwaka huu ni meno, dada. Kila mwaka tuna mada yake. Mwaka jana moyo, mwaka huu meno, mwakani macho, Mungu akijalia."

"Na moyo je?"

"Moyo utarudi zamu yake ikifika."

Fundi aliguna. Hata hivyo mama alikuwa amekwisha kuvaa gauni lake la harusi za watu, na kwenye foleni alikuwa wa kwanza, kama kawaida. Wakamlaza kitini, wakammulika taa mdomoni. Hakukuwa na jino hata la kusingiziwa. Daktari wa meno alicheka kwa upole, akampa mswaki mwekundu, na mpiga picha akamwomba aushike juu kidogo.

"Mwanangu," mama alisema, mswaki mkononi, "mimi sikuja kwa ajili ya mdomo. Dawa yangu inakaribia kwisha, na mlisema mtarudi. Nimewangoja."

Akafungua pindo la kanga aliyojifunga, akatoa kikopo cha mafuta ya kujipaka. Ndani mlikuwa na wembe, na chembe nyeupe ndogo kama chumvi iliyobaki mezani.

Muuguzi mmoja wa kujitolea, ambaye mwaka jana pia alikuwepo, aliacha alichokuwa akifanya. Akatoa kipimo chake mwenyewe cha presha kwenye begi, akamfunga mama mkononi, akapima. Akapima tena. Uso ukambadilika.

"Mama, dawa ulikuwa unakunywa?"

"Kila siku! Sijakosa hata moja. Mliniambia nisiache mpaka mrudi. Nikavitazama vile vidonge nikaona havifiki, nikavigawa. Kwanza nusu, halafu nusu ya nusu, mwisho nikawa nakwangua tu. Haba na haba, mwanangu, na nimefika." Aliyasema kwa fahari, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudisha chenji yote.

Fundi alikuwa amesimama kando ya kiti. Mwaka mzima alikuwa akisikia kikombe kikigonga meza asubuhi, na hakuwahi hata mara moja kuchungulia kilichokuwa kiganjani.

"Ile ilikuwa ya mwezi mmoja," muuguzi alisema kwa sauti ndogo. "Ikiisha alitakiwa anunue nyingine. Ni dawa ya kawaida, inauzwa duka lolote la dawa. Wala si ghali."

"Inaitwaje?"

Muuguzi akamtajia. Fundi aliijua. Aliiona kila siku nyuma ya kioo, kwenye duka lililopakana na lile analonunulia uzi, na bei yake haikufika zipu moja ya suruali.

"Kwa nini hamkuandika jina?"

"Tunafungasha na michoro, dada, ili wasiojua kusoma waelewe."

"Mimi najua kusoma!" Darasa zima likageuka. "Nilikuwa hapo langoni, nimevaa fulana yenu, nawapangia watu wenu! Mngeniita. Jina tu! Neno moja tu mngeniambia, mama yangu asingekwangua dawa kama anakwangua masizi!"

Muuguzi akakikunja kile kipimo. Alisema bibi anunuliwe dawa, ameze kidonge kizima sasa hivi na apelekwe hospitali leo hii. Mratibu akaja, akapoza mambo, akaeleza kwamba gari limekwenda kumchukua mgeni rasmi wa ufunguzi. Wasubiri kidogo tu, likirudi watapewa wao kwanza. Fundi akaivua fulana, akaitupa juu ya masanduku ya miswaki, akamshika mama mkono wakaondoka.

Dawa aliinunua njiani, akamfikisha mama nyumbani amlaze wakati anatafuta pikipiki. Akabandua kidonge, akakiweka kiganjani, akajaza maji kikombeni.

"Kizima?" mama aliuliza, macho yamemtoka. "Chote kwa mara moja?"

"Chote, mama. Nitanunua vingine. Hata kesho nitanunua."

"Akiba haiozi. Nisogezee kikopo changu."

"Mama, nakuomba, meza."

"Mkaidi wewe, umemrithi nani?" Mama akacheka, akataka kujichukulia mwenyewe ule wembe. Mkono wa kulia haukwenda. Akautazama pale ulipolala juu ya shuka, kana kwamba unamwonea aibu, akajaribu kusema kitu, na maneno yakatoka yamepinda pamoja na mdomo.

Fundi alitoka mbio barabarani akiita pikipiki kwa kelele, na kile kidonge kizima kilikuwa bado kiganjani mwake.