Miguu Isiguse Chini

Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Nesi mgeni wa wodi ya wanawake aliwageuza kumi na mmoja kila zamu, kitanda hadi kitanda, ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto, na katika miezi mitatu tangu ahamishiwe mji ule hakuna hata mmoja aliyechubuka. Uhamisho wenyewe hakuuomba. Barua ilimkuta nyumbani akimwogesha mama yake aliyevunjika nyonga, ikampa siku saba za kuripoti. Akamwacha mama mikononi mwa wifi yake, mke wa kaka, akapanda basi safari ya siku mbili. Kila Jumatatu alipeleka ombi la kurudishwa kwa afisa utumishi, na kila Jumatatu afisa alimwambia awe na subira, utadhani subira ni dawa ya kupaka.

Chumba alichopanga kilikuwa na kitanda, ndoo na dirisha linalotazama ukuta. Upweke ulimfikisha mahali pa kuitikia salamu za mtangazaji wa redio. Matroni alipoona anazidi kukonda akamwambia, "Hebu nenda zizini ukapande farasi. Utakuja kupasuka wewe."

Hospitali ilikuwa na farasi mmoja, wa kuwafanyisha mazoezi watoto wenye miguu dhaifu. Jumamosi saa kumi jioni mtumishi aliruhusiwa kumpanda kwa saa moja. Walimwita Mheshimiwa, kwa kuwa hakuinuka mpaka aitwe mara mbili. Nesi hakuwahi kupanda mnyama yeyote maishani. Mtunza farasi akamwinua, akamwekea miguu kwenye vyuma vya kukanyagia, na joto la farasi lilipompanda mapajani nesi akalia kidogo, kwa raha tu. Tangu afike mji ule yeye ndiye aliyekuwa akibeba watu.

Mheshimiwa akazunguka uwanja mara moja, polepole. Mzunguko wa pili ukatokea uani kwao.

Mama alikuwa amelala chumbani, dirisha wazi. "Umekula?" akauliza.

"Nimekula, mama."

"Mbona umekonda hivyo? Na huyo ni nani?"

"Anaitwa Mheshimiwa."

"Mheshimiwa amefika mpaka huku? Kwani kuna uchaguzi?"

Nesi akacheka mpaka akashika mbavu. Wakapiga soga saa nzima, ya jirani aliyeolewa tena, ya kuku aliyetagia kwenye kiatu cha kaka. Saa ilipokwisha akashuka, na miguu yake ikakanyaga maranda ya uwanja wa hospitali.

"Ndivyo alivyo," alisema mtunza farasi akifungua tandiko. "Anampeleka mtu kwao. Mimi kwetu ni hapa hapa, ndiyo maana nikimpanda anazunguka tu. Ila miguu isiguse chini, sista. Ikigusa umerudi. Usije ukanilaumu."

Hakuwa na sababu ya kumlaumu. Wiki nzima aliishi kwa ajili ya ile saa moja. Akaanza kunenepa, na redio akaiacha ijisemee peke yake.

Jumamosi ya tano upepo uliinua pazia, nesi akasikia harufu. Mtu wa kazi ile haulizi harufu hiyo ni ya nini. Ni kidonda cha kulalia.

"Wifi! Mnamgeuza?"

Wifi alijitokeza uani na beseni la nguo, ujauzito wa miezi minane mbele yake. "Namgeuza asubuhi, namgeuza jioni. Hapo katikati nina mikono mingapi? Kaka yako anatoka alfajiri." Akafuta uso kwa kiwiko. "Kinyozi hajinyoi, wifi yangu. Ndiyo hayo."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma nesi zaidi. Akatoa bandeji na dawa mfukoni mwa sare, akazirusha ndani kupitia dirishani. Akamwomba wifi asogeze kitanda dirishani, wifi akakisukuma kwa makalio mpaka kikagusa ukuta. Sasa, kutoka juu ya tandiko, mkono wa nesi ulifika begani kwa mama, basi. Mlango ulikuwa mwembamba, Mheshimiwa hapiti. Na kumgeuza mtu mzima kunataka ukanyage sakafu, ukunje magoti, nguvu itoke miguuni. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado akaruka.

Akajikuta kwenye maranda, mikono ameikunja tayari kwa kubeba, haina mtu.

"Nilikwambia," alisema mtunza farasi.

Jumatatu alimweleza afisa utumishi kila kitu: uani, dirisha, upana wa kidonda. Aliamini ukweli utamsaidia, maskini. Afisa aliandika kwa makini, akauliza swali moja tu, kwamba farasi ni mali ya nani.

"Ya hospitali."

Akapigia mstari.

Jibu lilikuja wiki ile ile, la kwanza la maandishi katika miezi yote ile. Jumamosi, akiwa juu ya farasi, nesi alimsomea mama: "Kwa kuwa mtumishi humwona mama yake kila Jumamosi, tena kwa usafiri unaotolewa na mwajiri, ombi lake halina msingi. Anaruhusiwa kuomba tena baada ya miaka miwili."

"Wameandika vizuri," alisema mama. "Hamna uongo hapo."

Nesi hakumwambia kwamba kidonda kimefika mfupani, na kwamba kidonda cha namna hiyo hakingoji miaka miwili. Mama hakuuliza.

"Nikune basi mgongo," alisema. "Panawasha, huku chini."

Nesi akainama mpaka tandiko likalia. Mkono mmoja akashika shingo ya Mheshimiwa, mwingine akaunyoosha mpaka mwisho wake. Ukafika begani.

"Hapo?"

"Hapo hapo, mwanangu," alisema mama, na hapakuwa hapo. "Usiache."

Nesi akaendelea kukuna bega mpaka saa ikaisha.